Kicheko Kilichopotea Bustanini: Kisa cha Msimu Mmoja wa Futuhi za Kale kwenye Jukwaa la Wazi

Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa meneja wa jukwaa katika msimu unaoelezwa hapa, na uchambuzi huu umetokana na daftari la ripoti nililolijaza kila usiku baada ya onyesho: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, hali ya hewa, makosa, na mahali ambapo watazamaji walicheka au walikaa kimya. Jina la kundi, la mji na la nchi nimeyaondoa, na mwaka pia. Watu nimewataja kwa kazi zao tu. Mpangilio wa matukio sikuugusa, hata pale unaponionyesha mimi mwenyewe nikiunga mkono uamuzi ambao baadaye ulitugharimu.

Usuli

Kundi letu lilikuwa limezoea ukumbi wenye kuta, dari na giza. Kwa miaka mingi kazi zetu zilionyeshwa ndani, mbele ya watazamaji ambao waigizaji hawakuwaona. Halmashauri inayosimamia bustani moja ya umma ilipotualika kuandaa msimu wa futuhi za kale, kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti, tuliupokea mwaliko kwa furaha na kwa hofu moja tu, nayo ilikuwa mvua. Karibu kila kikao cha maandalizi kilizungumzia mvua: maturubai ya kufunikia mitambo, utaratibu wa kurudisha fedha za tiketi, koti la plastiki kwa kila mtazamaji. Ninapozisoma kumbukumbu za vikao hivyo leo, naona kwamba neno jua limetajwa mara moja, tena na mbunifu wa maleba aliyehofia rangi za vitambaa kupauka.

Eneo tulilopewa lilikuwa uwanda wa nyasi wenye mteremko mdogo. Upande wa magharibi ulikuwa na mti mkubwa wa kale uliotandaza matawi yake kama pazia, na mbunifu wa jukwaa alipouona alikataa mahali pengine pote. Jukwaa likajengwa chini ya mti huo. Viti 600 vya kukunja vikapangwa mbele yake kwa safu 24, safu ya mwisho ikiwa mita 30 hivi kutoka ukingo wa jukwaa. Kibali kilitutaka tumalize saa nne na robo usiku bila nyongeza, kwa sababu nyumba za kwanza za makazi zilikuwa mita mia chache nyuma ya viti.

Ikumbukwe kwamba tulikuwa kaskazini ya mbali, ambako mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mwisho wa Agosti huzama zaidi ya saa nzima mapema kuliko hapo. Kwa hiyo onyesho lilelile, likianza saa ileile, huwa ni onyesho la mchana mwanzoni mwa msimu na la usiku mwishoni mwake. Jambo hili kila mtu alilijua kama anavyojua kalenda, lakini hakuna aliyelifikiria kama sehemu ya kazi yake.

Tamthilia tatu na sababu ya kuzichagua

Mwongozaji alichagua tamthilia tatu zinazounganishwa na wazo moja, mtu anayedhaniwa kuwa mwingine. Ya kwanza ilikuwa Twelfth Night ya Shakespeare, ambamo Viola, aliyejivika mavazi ya kiume, anachanganywa na pacha wake Sebastian. Alipenda kutukumbusha kwamba jukwaa la wazi la Regent's Park mjini London lilifunguliwa mwaka 1932 kwa tamthilia hiyohiyo. Ya pili ilikuwa Mtumishi wa Mabwana Wawili ya Carlo Goldoni, iliyoandikwa mwaka 1745, yenye mtumishi mwenye njaa anayejaribu kuwahudumia mabwana wawili bila yeyote kujua, mmoja wao akiwa mwanamke aliyejifanya kaka yake marehemu. Ya tatu ilikuwa Menaechmi ya Plautus, mtunzi wa Roma aliyefariki mwaka 184 K.K., inayohusu pacha wawili wenye jina moja na sura moja wanaojikuta katika mji mmoja bila kujua.

Uchaguzi ulikuwa mzuri, na sijabadili maoni hayo. Ila ulibeba sharti ambalo hatukulitamka: katika tamthilia zote tatu, mtazamaji asipojua wakati wowote ule ni nani anayesema, na anamwambia nani, kichekesho hakipo.

Mfululizo wa matukio

Twelfth Night ilifunguliwa wiki ya kwanza, saa moja jioni. Mti ulipendeza, na nyuma ya mti ule lilikuwapo jua, ambalo kwa saa nzima na zaidi liliwapiga watazamaji machoni. Kutoka kwenye meza yangu ya pembeni niliona mamia ya watu wamekinga nyuso kwa vijitabu vya programu. Mtu aliyeshika kijitabu usoni ana mkono mmoja tu, hivyo hawezi kupiga makofi, na waigizaji walirudi nyuma ya jukwaa wakiamini kwamba wamechukiwa. Baada ya maonyesho matatu iliamuliwa kusogeza saa ya kuanza hadi saa mbili kasoro robo. Nilipiga kura ya ndiyo. Wenye tiketi walijulishwa, na tiketi za msimu mzima zikatolewa upya zikiwa na saa mpya.

Hapo hesabu ya kibali ikatubana. Twelfth Night ilichukua saa mbili na dakika 40, bila kuhesabu mapumziko ya dakika 25, na sasa muda wote uliobaki ulikuwa saa mbili na nusu. Zaidi ya nusu saa ilipaswa kutoka. Mapumziko hayakuguswa, kwa kuwa mkataba na muuzaji wa vinywaji ulitegemea dakika hizo, na mauzo yake yalilipia sehemu ya gharama zetu. Ikabidi ikatwe matini.

Mwongozaji na mhariri wa matini walifanya kazi hiyo kwa siku mbili, na walifuata kanuni iliyoonekana ya busara: kila kinachosogeza hadithi kibaki, kila kinachorudia kiondoke. Yaliyoondoka kwanza ni maneno ya kando, yaani yale ambayo mhusika huwaelekezea watazamaji huku wenzake jukwaani wakijifanya hawayasikii. Katika onyesho la barua, Malvolio, msimamizi wa nyumba, anaisoma barua ya kughushi bustanini akiamini kwamba bibi mwenye nyumba anampenda, na watu watatu waliojificha wanamsikiliza na kutukana chinichini. Theluthi moja ya matusi yao ilifutwa. Vilevile zilifutwa sentensi ambamo mhusika anaeleza tena jambo ambalo watazamaji wamekwisha kulisikia dakika chache kabla. Menaechmi ni fupi na haikuhitaji kukatwa hata kidogo, lakini dibaji yake ndefu, inayosimulia kisa cha pacha tangu utotoni, iliondolewa pia ili msimu uwe na mtindo mmoja na ili, kama ilivyosemwa, siri isifichuliwe mapema. Siri gani? Kila mtu aliyekuwa na bango letu mkononi alijua kwamba ni kisa cha pacha.

Twelfth Night iliyopunguzwa ilikwenda haraka, nayo haikuchekesha. Wiki ya tatu tukafungua Goldoni, na huko watu walicheka hadi kulia machozi, hasa pale mtumishi anapoandaa karamu mbili kwa wakati mmoja, sahani zikiruka kutoka mkono hadi mkono. Tofauti hiyo ilisomwa haraka, tena ikasomwa vibaya. Ilisemwa kwamba Goldoni anachekesha kwa mwili na Shakespeare kwa maneno, kwa hiyo watu hawasikii maneno. Dawa ya kutosikia ni sauti kubwa. Zikakodiwa maikrofoni ndogo za kubandikwa usoni, na spika mbili kubwa zikasimamishwa juu ya nguzo, kulia na kushoto kwa jukwaa.

Maneno yalisikika sasa hadi safu ya mwisho, na kicheko kikapungua zaidi. Menaechmi ilipofunguliwa wiki ya tano, tatizo lilijianika lenyewe. Pacha wawili, maleba yaleyale, wigi zilezile, wamesimama pande mbili za jukwaa, na sauti zao zote mbili zinatoka kwenye nguzo ileile. Bibi mmoja wa safu ya kumi na tano aliniuliza wakati wa mapumziko kwa nini tumerekodi sauti mapema na kuwaacha waigizaji wachezeshe midomo. Hatukuwa tumerekodi chochote.

Waigizaji nao walikuwa na shida yao. Uwandani hakuna ukuta wala dari ya kurudisha kicheko jukwaani, hivyo kicheko cha watu mia tatu humfikia mwigizaji kama mnong'ono, na spika zikiwa zinanguruma mbele yake hata mnong'ono huo haumfikii. Asiposikia kicheko hasubiri, na asiposubiri neno lake linalofuata huangukia juu ya kicheko na kukizima. Mtazamaji aliyekatizwa mara mbili hujizuia mara ya tatu, asije akakosa maneno.

Katika wiki hiyohiyo barua mbili za malalamiko kutoka kwa wakazi zilifika kwenye halmashauri. Zilitushangaza kwa kuwa fundi wa sauti alikuwa amepima kiwango kwenye uzio wa bustani na kukikuta kinakubalika. Alikuwa amepima saa kumi jioni. Mchana ardhi yenye joto huipasha hewa iliyo karibu nayo, na sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa ya joto, hivyo mawimbi yake hupinda kuelekea juu na kupotea angani. Baada ya jua kuzama, usiku ukiwa tulivu na bila mawingu, ardhi hupoa kwanza, mambo hugeuka, na sauti hupinda kurudi chini ikazifikia nyumba ambazo mchana haikuzigusa. Kwa kuusogeza mwanzo wa onyesho tulikuwa tumelisukuma nusu yake ya pili, iliyo na kelele nyingi zaidi, ndani ya saa ambazo sauti husafiri mbali zaidi.

Usiku wa mvua

Mvua tuliyoiogopa tangu mwanzo ilitukuta wiki ya sita, saa moja kabla ya Menaechmi. Ilinyesha kwa nguvu dakika 40 kisha ikakatika ghafla. Fundi wa sauti alikataa kuwasha mtambo wowote kwa kuwa nyaya zilikuwa zimelowa, na alikuwa na haki. Watazamaji waliobaki walikuwa kama theluthi moja ya viti, wametawanyika kila mahali. Niliwaomba wahudumu wawasogeze wote safu za mbele, si kwa sababu ya hekima yoyote bali kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vimefunikwa na turubai na hivyo vilikuwa vikavu.

Jukwaa lilijaa maji. Mwigizaji aliyecheza Peniculus, mla vya watu, ambaye jina lake kwa Kilatini lina maana ya brashi ndogo na ambaye husema ameitwa hivyo kwa kuwa akila huifuta meza ikang'aa, alitoka na fagio la maji akaanza kukausha mbao. Watu wakacheka. Akiwa anafuta, akaanza kuwasimulia dibaji iliyokatwa, maana alikuwa ameikariri mazoezini kabla haijaondolewa, na alipomwona mzee mmoja aliyebaki peke yake safu ya nyuma, alimwita kwa maneno yaliyotoka katika dibaji ya tamthilia nyingine ya Plautus, Captivi, ambamo msemaji anamwambia mtu wa nyuma anayelalamika kwamba hasikii asogee mbele, na kama hakuna pa kukaa, pa kutembea papo. Mzee akasogea mbele huku akipigiwa makofi.

Onyesho lile, lisilo na maikrofoni hata moja, ndilo la kwanza la msimu ambalo daftari langu limeandika vicheko kwenye kila ukurasa. Pacha walipokutana mwishoni, nilisikia pumzi za watu.

Maamuzi yaliyofuata

Asubuhi yake tulikaa kwa saa nne. Mwongozaji, ambaye namheshimu kwa hili kuliko kwa jambo lingine lolote, alianza kwa kusema kwamba amekata viungo visivyo vyake kukatwa.

Maikrofoni za usoni zilirudishwa kwa mwenyewe. Spika mbili ndogo zilibaki kwa ajili ya safu za nyuma, zikiwekwa karibu na safu hizo kwa sauti ya chini, zikilishwa na maikrofoni chache zilizotegwa kwenye ukingo wa jukwaa, na fundi alizichelewesha kwa makusudi. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, hivyo sauti ya mwigizaji humfikia mtu wa mita 30 baada ya karibu sehemu tisa za mia za sekunde, ilhali umeme hufika kwenye spika papo hapo. Sikio la mwanadamu huamini kwamba sauti imetoka kule ilikotangulia kusikika. Spika ikichelewa kidogo kuliko mwigizaji, sikio humpa mwigizaji sifa yote na spika hufanya kazi yake bila kutambuliwa.

Safu za nyuma zilifungwa kwa kamba hadi za mbele zijae. Baadhi ya wenye tiketi walinung'unika, kwa kuwa walipenda nafasi ya kunyoosha miguu, lakini kicheko huambukizwa na bega la jirani, na jirani aliyeketi viti vinne mbali hana bega.

Dibaji ya Plautus ilirudishwa yote, na maneno ya kumwita mtu wa nyuma yakaachwa ndani yake kwa kila onyesho. Maneno ya kando ya Twelfth Night yalirudishwa pia, na waigizaji wakaagizwa kuyasema wakimtazama mtazamaji fulani machoni. Hili liliwatisha zaidi ya yote. Wamefunzwa kutazama giza; sasa walitakiwa kumtazama mtu anayekula. Walifunzwa pia kuacha kukisikiliza kicheko na badala yake kukitazama, kwa kusubiri mabega ya watu yatulie.

Muda wa kurudisha hayo ulipatikana kwa kupunguza mapumziko hadi dakika 15, kufuta wimbo mmoja tuliouongeza wenyewe, na kuacha kubadilisha mandhari katikati ya tamthilia, kwa sababu mhusika aliyesema yupo pwani tayari ameifikisha pwani.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa mwanga, nao ulizaliwa na ugomvi. Katika kitendo cha nne cha Twelfth Night, Malvolio amefungiwa chumba cha giza, naye Feste, mchekeshaji wa nyumba aliyejifanya kasisi, anamshikilia kwamba chumba kina madirisha makubwa na nuru tele. Mbunifu wa mwanga alikuwa amelizimisha jukwaa karibu lote wakati huo, kwa uaminifu kwa hadithi. Ila onyesho lile lilitungwa kwa ajili ya kundi lililocheza pia mchana kwenye jukwaa la Globe mjini London, lenye ua usio na paa, ambako mtu alilia giza mbele ya umati uliokuwa ukimwona vizuri. Taa ziliwashwa zote. Malvolio alilia giza akiwa katikati ya mwanga mkali, na watu walicheka, kisha wakaona aibu kwa kucheka. Nadhani vyote viwili vimo katika matini.

Matokeo

Kuanzia wiki ya saba, Twelfth Night ilirefuka kwa dakika sita hadi nane kwa matini ileile kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na dakika hizo zilikuwa kicheko. Mara mbili tulikaribia kuvunja sharti la saa nne na robo, na ikabidi nimwashie Feste taa ya ishara afupishe wimbo wake wa kufunga. Malalamiko ya wakazi yalikoma. Viti vilijaa zaidi mwezi Agosti kuliko Julai, ingawa Agosti ni mwezi wa likizo na pengine ungejaa hata bila sisi kubadili kitu.

Fedha hazikupona. Muuzaji wa vinywaji alidai fidia kwa dakika kumi alizopoteza kila usiku, na alilipwa. Maikrofoni tulizorudisha mapema zilitozwa kodi ya msimu mzima. Tulifunga tukiwa na nakisi.

Saa ya kuanza nayo haikurekebishwa. Katikati ya Agosti jua lilikuwa likizama mapema kiasi kwamba tungeweza kurudi saa moja jioni na kupata muda wa kutosha kwa kila neno lililokatwa, lakini tiketi zilikuwa zimetolewa upya mara moja na ofisi haikukubali kuzitoa mara ya tatu.

Uchambuzi

Kinachonisumbua katika kisa hiki ni kwamba hakikuwa na mzembe. Mbunifu wa jukwaa alichagua mti mzuri. Kwa sababu ya mti, jua liliingia machoni. Kwa sababu ya jua, saa ilisogezwa. Kwa sababu ya saa, matini ilikatwa. Kwa sababu ya makato, kicheko kilipotea. Kwa sababu ya kicheko, spika ziliinuliwa. Na kwa sababu ya spika, jirani alikosa usingizi. Kila fundi alitibu jeraha lililo mbele yake kwa ustadi, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza jeraha limetoka wapi. Kazi hiyo ingeweza kuwa yangu, maana daftari lililokusanya yote lilikuwa mikononi mwangu. Nililitumia kuandika, sikulitumia kusoma.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la makato, na linastahili kuelezwa kwa urefu. Plautus aliandika kwa ajili ya majukwaa ya mbao ya muda, mchana, kwenye sikukuu zenye vishawishi vingine. Roma haikuwa na ukumbi wa kudumu wa mawe hadi ule wa Pompeius wa mwaka 55 K.K. Dibaji ya Poenulus, tamthilia yake nyingine, inawaagiza wayaya wawaache watoto wachanga nyumbani na inawakataza wahudumu kupita mbele ya nyuso za watu. Mtunzi huyu aliujua uwanja wetu kuliko sisi. Kurudia kwake jambo mara tatu hakukutokana na udhaifu wa utunzi. Upepo utalichukua mara ya kwanza, mtoto atalia mara ya pili, na mara ya tatu litasikika. Maneno ya kando yana kazi hiyohiyo: yanamwonyesha mtazamaji pa kutazama, na yanamfundisha mwigizaji, kwa jibu la uso ulio mbele yake, kama ameeleweka. Tulivitazama vifaa hivi kwa jicho la ukumbi wa ndani, tukaviona ni mafuta ya ziada, tukavipunguza. Baadaye tulilipa kodi ya mashine ili zifanye kazi ambayo sentensi zilizokatwa zilikuwa zikiifanya bure.

Kosa la kuisoma vibaya Goldoni lilitokana na hilo. Tamthilia ile haikufaulu kwa sababu ya mwili peke yake. Inatoka katika desturi ya barakoa za nusu uso na mtumishi anayezungumza na umati, na mhariri hakuthubutu kumkata mtumishi kwa kuwa karibu kila anachosema ni cha kando. Tulikuwa na ushahidi mezani tangu wiki ya tatu kwamba tamthilia iliyobakiziwa maneno ya kando inachekesha na iliyonyang'anywa haichekeshi. Sisi tukauona kuwa ushahidi wa tofauti kati ya mwili na maneno. Nasikitika zaidi kwa hili kuliko kwa fedha.

Kuhusu sauti, tulichanganya kusikia na kuelewa. Hadithi inayopendwa kuhusu ukumbi wa Epidaurus nchini Ugiriki, kwamba sarafu ikiangushwa katikati husikika safu ya juu kabisa, ilitajwa mara nyingi katika vikao vyetu kama kipimo cha ukamilifu. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2017 na watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, havikuiunga mkono. Sauti inayofika vizuri kule juu ni ya mtu anayeipaza. Na hata ukumbi ule una vitu ambavyo hatukuwa navyo: mteremko mkali unaomweka kila mtazamaji juu ya kichwa cha aliye mbele yake, na viti vilivyobanana. Vyote viwili husaidia jicho kama vinavyosaidia sikio. Watazamaji wetu wa wiki ya tano walisikia kila neno bila kujua limetoka kinywani mwa nani.

Lazima nikiri udhaifu wa uchambuzi wangu. Tulibadili mambo matano ndani ya wiki moja, na hakuna njia ya kulitenga moja na mengine. Mwongozaji anaamini kwamba mabega yalifanya kazi kubwa kuliko maneno, na kwamba makato yangesameheka kama viti vingebanwa tangu mwanzo. Ninachoweza kumjibu ni usiku mmoja wa mwisho wa Agosti, ambapo kikundi cha wanafunzi kilinunua safu za nyuma pekee na, licha ya kamba zetu, kuketi huko mbali, wachache na wametawanyika, huku za mbele zikiwa nusu tupu. Mabega hayakuwapo. Onyesho la barua lilichekesha hata hivyo, sehemu zilezile zilizorudishwa. Usiku mmoja hautoshi kushinda hoja, naye hajakubali.

Pendekezo lililo mezani kwa msimu ujao ni kulihamishia jukwaa upande wa kusini wa uwanda, ili watazamaji waelekee kusini kama walivyoelekea watazamaji wa ukumbi wa kale wa Dionysos kwenye mteremko wa Akropolis ya Athens, jua la jioni likiwa nyuma ya bega lao la kulia na nyuso za waigizaji zikiangazwa. Onyesho lingeanza tena saa moja, na makato yasingehitajika. Upande wa mashariki ulikataliwa kwa sababu upepo wa kawaida wa pale hutoka magharibi na ungezirudisha sauti jukwaani. Mbunifu wa jukwaa bado anautetea mti wake, na amekubali kuupoteza kwa sharti kwamba angalau Malvolio aisome barua chini yake.